Kiti cha IMO si cheti cha uhuru

Nimeulizwa tena kuhusu IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, na safari hii na mtu wa bandarini kabisa: "Faroe ni koloni la Denmark, imepewaje kiti cha mwangalizi IMO? Basi Zanzibar nayo iombe." Hata sijui nianzie wapi. Faroe si koloni, ni visiwa vinavyojitawala ndani ya Ufalme wa Denmark.

Waangalizi wa IMO ni mashirika, yale yanayoundwa na serikali kadhaa na yasiyo ya kiserikali. Wainuiti, wenyeji wa asili wa Greenland, wamo tangu 2021 kupitia shirika la Inuit Circumpolar Council, si kwa jina la Greenland. Eneo lililo chini ya dola nyingine lina mlango wake, uanachama mshiriki, na waliomo ni watatu tu: Hong Kong (1967), Macao (1990) na Visiwa vya Faroe (2002).

Sasa linalonichosha. Eneo haliombi! Dola inayobeba mambo yake ya nje ndiyo inayomwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kumwarifu, basi. Hakuna kampeni wala kura ya kukubaliwa. Tórshavn, makao ya serikali ya Faroe, wangetamani mpaka kesho. Bila barua ya Copenhagen, yaani serikali ya Denmark, hawakai. Kwa hiyo anayekiona kiti kile kama hatua ya kujitenga anakisoma kinyume: kinathibitisha kwamba dola ya juu ipo na imeridhia. Tazameni Hong Kong. Mwaka 1997 ilitoka kwa Uingereza ikaenda kwa Uchina, na kiti kikabaki. Visiwa vya Cook ni habari nyingine: vinaendesha mambo yake ya nje, na ni mwanachama kamili tangu 2008 ingawa havimo Umoja wa Mataifa.

Mshiriki anazungumza, anawasilisha hati, analipa mchango. Hapigi kura wala haingii Baraza la IMO. Wengi huguna hapo, lakini kwenye kamati mambo mengi huamuliwa kwa maafikiano, kura ni nadra. Faida ya Faroe iko kwingine: Denmark imo Umoja wa Ulaya, Faroe haimo, kwa hiyo haifungwi na msimamo wa Brussels, makao ya Umoja huo. Vitabu huishia hapo kwa furaha. Mimi nina shaka. Faroe itaipinga Denmark kwa kiasi gani mbele ya watu, ilhali ndiyo iliyoiandikia barua?

Na Zanzibar? Kwanza nayo si koloni. Ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, mwanachama wa IMO tangu 1974, na mambo ya nje ni ya Muungano. Waliokuwepo Zanzibar ilipojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, na kulazimika kujitoa 1993 wanakumbuka zogo lake. Najua Zanzibar inasajili meli za kimataifa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Januari 2018, Wagiriki walipoikamata meli ya Andromeda na shehena ya vifaa vya milipuko, bendera iliyosomwa ni ya Tanzania, na siku chache baadaye serikali ya Muungano ndiyo iliyosimamisha usajili wa meli za kigeni. Anayetaka kiti London, makao ya IMO, aanzie Dodoma, na aende na jibu la nani atawajibika meli ya namna hiyo ikikamatwa tena.