Safina ya mtoto si lazima ifanane na yako: dhana potofu za kazi za mikono Sande skuli

Jamani walimu, hili la "kazi ya mtoto lazima itoke kama sampuli" nimelisikia kila semina na sasa nimechoka. Mwalimu anachukua boksi la maziwa, anakata, anapaka rangi, anatoboa madirisha, mtoto anaachiwa abandike twiga mmoja tu, halafu tunawaambia wazazi watoto wametengeneza safina ya Nuhu. Hapana, umetengeneza wewe! Mtoto wa miaka 4 mkasi bado unamsumbua, ila kuchana karatasi, kukunja na kupaka gundi kwa kidole anaweza vizuri tu, sasa mpe hayo. Boksi gumu likate wewe kabla ya kipindi, kilichobaki mwachie hata kama mlango utakaa upogo.

Na somo lenyewe liko humo humo kwenye mikono yake. Mwanzo 6 inataja orofa tatu na mlango mmoja ubavuni. Basi mpe mtoto maboksi matatu ayapandanishe mwenyewe, na wakati anahangaika na ule mlango muulize, hivi mlango wa safina nani aliufunga? Wengi watasema Nuhu, ndo unawasomea Mwanzo 7:16 kwamba ni Bwana aliyemfungia. Swali hilo utamuuliza saa ngapi kama kila kitu umeshabandika wewe? Kipimo changu mimi ni kimoja tu, mtoto akifika nyumbani akaulizwa "hii nini" anaweza kuieleza hadithi yote? Kama anasema "sijui, ticha katupa", hiyo kazi haijafanyika.

Wengine wanasema vitu vilivyokwisha kutumika havifai kanisani. Kwenye Yohana 6 Yesu mwenyewe aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe visipotee, vikajaa vikapu 12, sasa we unaona aibu ya chupa tupu? Cha muhimu usafi: plastiki osha na sabuni ukaushe, trei ya karatasi yenye mayai yaliyopasukia humo tupa, na kopo la dawa ya wadudu usilete kabisa hata liwe limeoshwa vipi.

Eti gundi nyeupe inashika kila kitu. Kwenye plastiki laini inabanduka, tumia seloteipu. Rangi ya maji nayo haikai kwenye boksi linalong'aa, ligeuze ndani nje upake ule upande wa kijivu, mambo yameisha.

"Vifuniko na maharage ni salama mradi mwalimu yupo." Kwa walio chini ya miaka 3 si salama hata ukiwa umesimama pale pale, kitu kidogo kinamkaba mtoto haraka mno, na harage likiingia puani linavimba. Wape vitu vikubwa visivyoingia mdomoni.

Halafu Krismasi ikikaribia, mamajusi wa vile vibomba vya karatasi vinavyobaki tishu ikiisha, kila mtu anadai lazima wawe watatu. Mathayo 2 haitaji idadi yao, inataja zawadi tu, kwa hiyo mtoto akitengeneza watano usimnyang'anye wawili, hakikisha tu dhahabu, uvumba na manemane vipo.