Kirusi hakili ini lako

Juzi mzee mmoja aliniwekea mezani chupa ya maji ya soda isiyo na lebo, imejaa kitu cheusi kinachonuka kitunguu saumu. "Dokta, kinga yangu imelala, ndiyo maana kirusi kinanila ini. Hii inaiamsha." Alikuwa wa tatu wiki hiyo.

Kirusi cha homa ya ini B hakili ini. Huingia ndani ya seli, kikazaliana, na seli ikaendelea na kazi zake. Wanaoliumiza ini ni askari wako mwenyewe, seli T, wanaoiona seli iliyoambukizwa na kuiua. Ndiyo maana kijana aliyeambukizwa akizaliwa anaweza kuwa na virusi mamilioni kwa mililita ya damu, na ALT yake, kimeng'enya kinachovuja damuni seli za ini zikiumia, iko sawa kabisa. Kinga yake haijaanza vita.

Sasa tuseme askari waue kila seli yenye kirusi. Ini lingekwisha kwa siku chache, na kuna watu wachache huwatokea hivyo. Wengi tunapona kwa sababu kinga ina breki: kuna seli T za kudhibiti, zinazowatuliza wenzao kwa kemikali iitwayo interlukini-10. Sakaguchi aliyezigundua, pamoja na Brunkow na Ramsdell walioipata jeni inayoziongoza, walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2025. Hata wale wauaji hawaui tu. Humwaga kemikali nyingine, interferoni gama, inayomzuia kirusi asizaliane na kuiacha seli hai. Mimi hapo ndipo huivulia kofia kinga. Breki nazo zina gharama, maana kirusi hujificha nyuma yake: watoto wachanga wanaoambukizwa, takriban 90% hubaki nacho. Watu wazima ni chini ya 5%.

Mgonjwa mwingine atasema, "Basi nimeze deksa, nitulize vita." Usithubutu. Deksamethasoni, dawa inayoituliza kinga, iliwaokoa wagonjwa wa UVIKO waliokuwa kwenye oksijeni. Ambao hawakuihitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kwenye homa ya ini B, virusi hushamiri ukiwa unaimeza, na ukiiacha kinga hurudi na kulivamia ini kwa mkupuo.

Mwingine naye, "Macho si ya njano, nimepona." Macho hayapimi virusi. Njoo tupime ALT na wingi wa virusi, na ukistahili utaanza dawa ya tenofoviri, inayopunguza virusi bila kuwachokoza askari.

Mlonge kwenye mboga sina ugomvi nao. Ile chupa niliizuia. ALT ya mzee ilikuwa 38 miezi mitatu iliyopita. Juzi ilisoma 214, na sijui kama ni kirusi, ni kinga au ni chupa.