Je, wajua kwa nini roboti wa chuma wa mwaka 1927 hakuwa wa chuma?

Ukitaka kutengeneza nakala ya vazi la yule roboti wa kike wa filamu ya Metropolis, iliyozinduliwa Berlin Januari 1927, usihangaike kutafuta bati. Kwenye skrini anameremeta kama sufuria mpya, lakini vazi lenyewe lilitokana na mbao. Au tuseme puti ya mbao.

Mchongaji Walter Schulze-Mittendorff alitumia puti iliyokandika kama udongo wa mfinyanzi, ikipigwa na hewa inakauka upesi, na ikishakauka unaichonga na kuipiga msasa kama ubao. Kwanza mwili mzima wa mwigizaji Brigitte Helm ulichukuliwa umbo kwa plasta. Kisha mchongaji akakata vipande vya gunia, akavifunika kwa puti yenye unene wa milimita 2 aliyoisukuma kwa mti wa jikoni, ule wa kusukumia unga, akavilaza juu ya sanamu ile ya plasta. Mwisho akapulizia vanishi iliyochanganywa na unga wa rangi ya fedha.

Kamera ilidanganyikaje? Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, na pasipo rangi jicho linabaki na mwanga na kivuli tu. Chuma tunakitambua kwa ule mng'ao mkali unaoteleza juu yake kinaposogea. Uso laini wenye unga wa metali unateleza vivyo hivyo. Ndiyo maana kwenye nakala, iwe ya faibaglasi au ya printa ya pande tatu, kazi kubwa ni msasa. Kinundu kidogo kama punje ya mchanga hukioni kwa macho, ila ukishapulizia rangi ya fedha, mstari wa mng'ao unavunjika papo hapo. Dawa yake ni kukwangua na kuanza upya. Inaudhi kweli.

Vipimo navyo vina mtego. Vazi la awali limepotea. Nakala aliyoitengeneza mchongaji mwenyewe miaka ya 1970 iko Cinémathèque française, hifadhi ya filamu jijini Paris. Wengine wote wanapima kwenye picha, na picha iliyopigwa kwa karibu hukuza kilicho mbele: kifua kinatanuka, miguu inasinyaa. Afadhali picha iliyopigwa kwa mbali.

Halafu kuna mvaaji. Vazi lile gumu lilifinyangwa kwa mwili mmoja tu, na hata huyo mwenye mwili lilimbana na kumchubua. Nakala iliyofuata vipimo vyake sawasawa haitamkaa mtu mwingine, kwa hiyo fundi mwenye busara huanza na mwili wa atakayelivaa, kisha anasogeza mistari ya vazi hadi jicho likubali.

Hila kama hizo zilitumika pia kwa Gort, roboti wa filamu ya The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951, aliyepaswa kuonekana hana mshono popote. Alishonewa suti mbili, moja ikifungwa mbele na nyingine mgongoni, na Lock Martin, mwigizaji aliyezivaa, akawa anabadilisha kulingana na upande ulioelekea kamera. Mwenye nakala moja itabidi achague upande mmoja, na watu wasimzunguke.