Kikundi si soba

"Tumempeleka kikundi, huu mwezi wa pili, lakini hawatuachii kumuona." Maneno haya ya jamaa za walevi nimeyasikia Ng'ambo, hapa mjini Unguja, mara nyingi mno sasa. Aliyepelekwa kwa gari ya mjomba, akafungiwa geti na hata mama yake hamuoni, hayupo kikundi. Yupo soba, nyumba wanakokaa watu wanaoachishwa ulevi.

Kikundi cha kusaidiana ni mkutano wa watu wanaotaka kuacha pombe, unaoendeshwa na wao wenyewe. Wanakaa saa moja au moja na nusu, kisha kila mtu anarudi kwake. Maana yake ndiyo hiyo, haina zaidi.

Soba hausi, au kwa jina la kiofisi nyumba ya upataji nafuu, mtu anahamia. Analala huko, anaingia zamu ya jiko, na mara nyingi familia inalipa kwa mwezi. Unguja nyumba hizi zilienea hasa kwa ajili ya vijana wa unga, yaani heroini, ndiyo maana mtu akisikia habari ya kuacha, kinachomjia kwanza ni geti. Tena hatua 12, mwongozo wa kuacha ulevi unaofuatwa vikundini, zinasomwa ndani ya soba pia, kwa hiyo kijana akitoka anasema alikuwa mkutanoni, na jirani anaelewa kwamba mkutano ni jengo. Mkutano ule ule ungeweza kufanyika chini ya mwembe.

Tofauti hii ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1935 dalali wa hisa, Bill Wilson, alikuwa Akron, Ohio, huko Marekani. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Biashara iliyompeleka ikavunjika, na kiu ikamrudia. Akapiga simu huku na huku kumtafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye, mpaka akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wilson hakuwa na dawa wala mamlaka juu ya daktari yule. Alimhitaji ili yeye mwenyewe asinywe tena. Hapo ndipo ilipozaliwa Alcoholics Anonymous, jumuiya ya vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha. Hatua zake 12 zikachapishwa 1939, na waraibu wa dawa za kulevya wakaanzisha yao, Narcotics Anonymous, 1953.

Kwa hiyo sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha. Ada hakuna. Kunapitishwa kikapu, mwenye chochote anatia, asiyenacho anampasia mwenziwe. Fedha za nje hazipokelewi, hata za mfadhili mwenye nia njema. Na hakuna daftari la mahudhurio linalopelekwa kwa sheha.

Viti vinapangwa duara. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, wenziwe wanamkaribisha. Anaeleza lake, wanamshukuru, anafuata mwingine. Hajibiwi wala hapewi nasaha. Hapa wengi wetu hutushinda, maana tumelelewa barazani, ambako hujamaliza kusema unaumwa na nini umeshatajiwa dawa tatu.

Wapo wanaouliza kama ni jambo la kanisani. Wilson na Smith walikutana kupitia harakati ya Kikristo, hilo kweli. Lakini hatua zenyewe zinamtaja Mungu "kama tulivyomfahamu", na Muislamu anaswali Magharibi yake akenda mkutanoni bila kubadilisha chochote. Mawaidha ya sheikh yana pahala pake. Ila kwenye mawaidha mmoja anazungumza na wengine wanasikiliza, na mlevi ameshaambiwa kwamba pombe ni haramu tangu yuko chuo cha Kurani.

Kuna kosa jengine, na hili linaweza kuua. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, wala asipelekwe kikundi akiwa anatetemeka. Ndani ya siku chache za mwanzo anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, au akaona watu wasiokuwepo. Huyo ni wa hospitali kwanza. Wala asikimbizwe hospitali ya Kidongo Chekundu kufuata metadoni. Dawa ile ni ya waraibu wa heroini, pombe haiitibu.

Kukipata kikundi, ulizia kitengo cha afya ya akili hospitalini, au waulize waliopitia soba wanakutana wapi sasa. Ipo pia mikutano ya kwenye simu, kwa intaneti. Na aliyeko Wete au Mkoani, kule Pemba, asikate tamaa kwa kuwa hapana ukumbi: kwa desturi ya Alcoholics Anonymous, walevi wawili watatu wakikutana kwa nia ya kuacha tayari ni kikundi.

Basi mama akiuliza kikundi wanachukua kiasi gani kwa mwezi na kama watakuja kumchukua kijana, mwambie kwa upole kwamba anachokiulizia ni soba. Kikundi hakina gari, na kijana atakwenda kwa miguu yake siku akitaka. Yeye mama anaweza kuanza hata kesho, maana jamaa za walevi nao wana vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mke wa yule yule Wilson.