Helmeti, bodaboda na jeraha la kichwa: maswali tunayoulizwa Dodoma

Mengi ya maswali haya huulizwa na ndugu wa majeruhi, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi.

Helmeti inasaidia nini hasa?
Gamba la nje hutawanya nguvu ya pigo, na povu gumu la ndani hubonyea ili ubongo usiipokee nguvu yote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kuwa kwa mwendesha pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa 69% na ya kufa kwa 42%.

Ninayo, ila huwa naitundika kwenye usukani mpaka nimwone trafiki.
Basi huna helmeti. Ivae kabla hujawasha pikipiki na ufunge mkanda wa kidevuni. Usipofungwa, helmeti huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Tunapokea kijana fuvu limepasuka, na msamaria aliyemleta ameshika helmeti isiyo na hata mkwaruzo.

Kofia ya ujenzi je?
Haifai. Ile ni ya kukinga kitu kinachodondoka kutoka juu, si kichwa kinachojigonga kwenye lami kwa upande. Na helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu, nunua nyingine hata kama huoni ufa: povu likishabonyea halirudi.

Abiria wanaikataa. Wanasema inanuka na inaharibu nywele.
Kuhusu harufu wana haki, kwa hiyo dereva, ifute na uianike kila siku. Abiria, tembea na kitambaa chepesi cha kuvaa ndani yake. Dada zangu, misuko husukwa upya.

Ameanguka, akazimia kidogo, sasa ameamka na anaongea vizuri. Si akapumzike nyumbani?
Hapana. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Hili ndilo linalotuulia vijana. Mshipa wa damu ukipasuka ndani ya fuvu, mtu anaweza kuamka, akasalimia watu, akadai hata simu yake, huku damu inajikusanya na kuukandamiza ubongo. Baada ya saa chache anazimika tena. Akifikishwa mapema, siti skani, kipimo cha picha za ndani ya kichwa, huionyesha damu hiyo na upasuaji unaweza kumwokoa.

Lakini anasema yuko sawa, anataka kulala tu.
Hapana! Usingizi usio wa kawaida baada ya kugonga kichwa ni dalili ya hatari. Nyingine ni kutapika, kichwa kuuma na kuzidi kuuma, kuongea ovyo, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya jingine, na damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Ila msikae kusubiri dalili hizi zijitokeze. Aliyezimia, hata kwa dakika moja, anapimwa.

Tumpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, tumwangalie mpaka asubuhi?
Nasema tena: hapana. Dawa hiyo inaweza kuzidisha kuvuja damu, na asubuhi mnayoisubiri ndiyo saa tunayoletewa mtu asiyeamka. Msimpe pombe, msimnyweshe soda wala maziwa, msimmwagie maji.

Ajali imetokea usiku, tuko njia ya Bahi. Tumbebe vipi?
Msimpakie mshikaki, katikati ya watu wawili, shingo ikining'inia. Shingo nayo inaweza kuwa imevunjika. Tafuteni gari, mlazeni chali juu ya kitu kilichonyooka, mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja. Helmeti msiivute; iacheni mpaka hospitali, isipokuwa kama inamzuia kupumua. Hapo mmoja ashikilie shingo, mwingine aivue taratibu. Mkifika, tuambieni ameanguka saa ngapi, kama alizimia, na kila alichopewa njiani, hata kama mnaona aibu kukitaja.