Janggu ndani ya Hip Hop: Suala la Kwanza ni Hesabu ya Mapigo

Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza biti, huulizwa mara kwa mara ni ala gani ya Kikorea inayofaa kutiwa ndani ya hip hop, nami hujibu kwamba kabla ya ala kuna hesabu. Gugak, yaani muziki wa asili wa Korea, hutembea juu ya mizunguko ya mapigo iitwayo jangdan, na mingi kati ya mizunguko hiyo huligawa kila pigo mara tatu, ilhali hip hop iliyozoeleka huligawa mara mbili au mara nne. Prodyuza asiyelijua hilo huchukua kipande cha zeze la gayageum, akakikata na kukivuta mpaka kilingane na ngoma zake, na mwishowe hubaki na nyuzi zinazolia bila mwendo wake.

Tuuchukue mzunguko wa gutgeori, wenye mapigo manne ya vipande vitatu vitatu, yaani vipande 12. Mwanafunzi wa janggu, ngoma yenye kiuno chembamba, huusoma kwanza kwa mdomo: deong, gideok, kung, deoreoreo. Kung ni mlio mzito wa upande wa kushoto. Deok ni mlio mkavu wa upande wa kulia, unaochapwa kwa ufito wa mwanzi, na gideok ni deok iliyotanguliwa na mguso mwepesi. Deong ni pande zote mbili kwa pamoja, na deoreoreo ni ufito ukirukaruka juu ya ngozi. Yeyote aliyewahi kupanga kiki na sinea, yaani ngoma nzito na ngoma kavu za biti, atatambua mara moja kwamba vyote viwili vimo tayari ndani ya ngoma hiyo moja. Kundi la pop la Korea, BTS, liliyaweka maneno hayohayo ya mapigo katika kiitikio cha "IDOL" mwaka 2018. Nami naona trap, mtindo mmojawapo wa hip hop, umeirahisisha kazi hii, kwa sababu matoazi yake hupenda kukimbia kwa vipande vitatu, hivyo gutgeori huenea humo bila kukatwa popote.

Mwaka 1993 kundi la Kikorea la Seo Taiji and Boys lilimwalika Kim Duk-soo, bingwa wa muziki wa asili, apulize taepyeongso, zumari la Kikorea, katika "Hayeoga", kati ya rap na magitaa mazito. Miaka 27 baadaye Agust D, ambaye ni Suga wa BTS, alijenga "Daechwita" juu ya muziki wa misafara ya kifalme na kijeshi wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Katika muziki huo zimo tarumbeta ndefu, kombe la baharini, ngoma na upatu, lakini taepyeongso pekee ndiyo inayobeba wimbo. Nayo ni ya ukoo mmoja na nzumari ya pwani yetu.

Hapo ndipo nilipokosea siku za mwanzo. Niliipitisha sauti ya taepyeongso katika programu ya kusawazisha tyuni, ikatoka safi na imekufa, kwa maana ule mtikisiko na mpindo wa sauti, ambao Wakorea huuita sigimsae, ndio wimbo wenyewe. Siku hizi siigusi. Navipunguza vinanda, naliacha besi lishikilie noti moja ndefu, na taepyeongso inapinda itakavyo juu yake.