Dhana potofu kuhusu kupanga nyenzo za kujifunzia mtandaoni

Mwalimu wa sekondari hapa Kigoma anapotafuta nyenzo za somo mtandaoni, mara nyingi hazikosi bali huzidiwa nazo. Tangu chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilipotangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka masomo yake wazi kwa kila mtu, nyenzo huria zimeongezeka mno, na mjadala wa namna ya kuzipanga umebeba dhana zinazotuchelewesha.

Dhana: Uchimbaji wa data utapanga kila kitu wenyewe.

Ukweli ni kwamba uchimbaji wa data, yaani kompyuta kupekua data nyingi, hutafuta yanayojirudia: maneno gani huandamana, nyenzo zipi hufunguliwa na mtu yuleyule, na ni wapi wanafunzi huiacha video. Maana ni jambo jingine, hasa katika Kiswahili, ambamo "anasoma", "wamesomeshwa" na "msomi" ni wa mzizi mmoja, ilhali mto wa kulalia na Mto Malagarasi huandikwa vilevile. Programu inayohesabu maneno tu huwatenganisha ndugu na kuwaunganisha wasiojuana. Vivyo hivyo, mtoto aliyesoma usanisinuru kwa Kiswahili shule ya msingi huikuta mada hiyohiyo sekondari kwa Kiingereza, na mwalimu wake ndiye anayejua kwa hakika ni wapi andiko la kwanza linamwandaa kwa la pili.

Dhana: Basi kazi yote waachiwe watu.

DMOZ, orodha ya tovuti iliyoanza mwaka 1998 ikihudumiwa na wahariri wa kujitolea, ilifungwa mwaka 2017, na kufikia hapo mtandao ulikuwa umekua kupita kasi ya mikono.

Dhana: Inayofunguliwa na wengi ndiyo bora.

Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa huwaumiza wanafunzi bila wao kujua. Nyenzo iliyowekwa juu hufunguliwa zaidi, na kwa kufunguliwa huzidi kupandishwa. Zaidi ya hayo, hesabu haielezi sababu: mwanafunzi wa Kasulu huenda amechagua faili jepesi kwa kuwa bando lake lisingetosha kwa video iliyo bora, na mwingine amerudia ukurasa mara tano kwa sababu hakuuelewa. Maelezo mafupi ya mwalimu, kwamba mchoro fulani una kosa au unafaa kidato cha pili, hutoa habari ambayo mibofyo elfu haiwezi kuitoa.

Dhana: Jamii ndogo ya walimu haina mchango.

Mashine inaweza kupanga nyenzo nyingi kwa makisio, kisha ikawapelekea watu zile tu ambazo haina hakika nazo; masahihisho yao hutumika kuifundisha upya, na duru inayofuata huwa na makosa machache. Kwa utaratibu huo, walimu wachache wa bayolojia kutoka Ujiji, Uvinza na Kibondo wanaweza kupitia nyenzo 20 kwa wiki, na kazi yao ikaonekana katika maelfu ya nyenzo ambazo hawajawahi kuzifungua. Wasipokubaliana, tofauti yao ihifadhiwe badala ya kufutwa kwa kura, maana huenda nyenzo hiyo inafaa kweli darasa lenye maabara na haifai lisilo nayo.